Wimbo Kwenye Filamu ya Majonzi: Unaibeba Hadithi au Unaikalia?

Ingia banda lolote la video pale Ujiji wakati filamu ya Kihindi imefika kwenye wimbo wake wa tatu, utakuta mkutano umegawanyika. Waliokaa mbele wanampigia kelele mwenye rimoti, "Sogeza, bwana!" Waliokaa nyuma wanajibu, "Wee acha, huo ndio utamu wenyewe." Mwenye banda anatazama saa, maana kuna mpira saa nne usiku na filamu bado inadai saa nzima. Ugomvi huo ni mkongwe kuliko banda lenyewe, na wasomi wa filamu wanaugombania mpaka leo kwa maneno makubwa zaidi. Filamu nzito, ya msiba, ya ndoa inayovunjika, ya mtu anayetafutwa auawe, inafaidika na nyimbo au inaharibiwa nazo?

Mimi naona hakuna jibu moja mpaka kwanza tuulize wimbo huo, ndani ya hadithi, ni wa nani. Nani anauimba? Nani anausikia? Na akishausikia, kuna kitu gani kinageuka? Filamu yenye majibu ya maswali hayo inaweza kuwa na nyimbo kumi na zote zikakaa mahali pake. Isiyo na majibu, hata wimbo mmoja unaielemea.

Tutenganishe kwanza vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Upo wimbo ambao wahusika wenyewe wanausikia: redio ya kinyozi, kwaya kanisani, mama anayembembeleza mtoto, bendi ukumbini. Na upo wimbo unaotufikia sisi watazamaji peke yetu, huku yule anayelia kwenye skrini hana habari nao. Wa kwanza nitauita wimbo wa ndani, wa pili wimbo wa nje. Inasimuliwa kwamba Alfred Hitchcock, alipokuwa akitengeneza Lifeboat, filamu ya mwaka 1944 inayotokea yote ndani ya boti la kuokolea watu, aliuliza muziki utatoka wapi katikati ya bahari. Mtunzi David Raksin alipofikishiwa swali hilo akajibu kwamba basi aulizwe kwanza kamera imetoka wapi. Jibu ni zuri, watu wanalirudia mpaka leo. Lakini swali la Hitchcock halikuwa la kipuuzi, na mtu wa Kigoma analielewa upesi kuliko wengi. Ukiwa ziwani usiku, mbali na taa za mwalo wa Kibirizi, sauti zilizopo unaweza kuzitaja zote: maji, injini, kikohozi cha mwenzako. Kinanda kikianza kulia hapo, mtazamaji wa kwetu anajua kabisa kimeletwa na mtu aliyeko Dar.

Tuchukue onyesho moja tulijaribu kwa njia tofauti. Ni alfajiri Kibirizi. Usiku upepo ulivuma. Vipe, yaani boti za uvuvi, vinarudi kimoja kimoja na taa zake zimeshazimwa, na wanawake wanaonunua dagaa wamesogea majini na mabeseni yao, wanaanza kubishania bei kabla nyavu hazijafunuliwa. Mmoja wao habishani. Ana mtoto mgongoni, anatazama nyuma ya boti zilizofika. Mume wake alitoka jana jioni na kipe chake hakijaonekana.

Njia ya kwanza ndiyo tuliyoizoea. Kamera inamsogelea usoni, chozi linadondoka, na hapo hapo wimbo unaanza kwa sauti ya juu: mwanamume anaimba kwamba mpenzi ameondoka, dunia ngumu, moyo unauma. Wimbo una dakika nne, na mhariri, ama kwa kumheshimu msanii ama kwa kukosa picha nyingine, anauacha uende mpaka mwisho. Hebu angalia kilichotokea. Jambo lile lile tumeambiwa mara tatu. Hali yenyewe imetuambia, uso umetuambia, kisha wimbo nao umekuja kututafsiria tulichokwisha kuona. Mwigizaji amenyang'anywa kazi yake. Tena kuna dhara kubwa zaidi ambalo halisemwi sana: wimbo umewatangulia wahusika. Mwanamke hajui kama mumewe amekufa, sisi hatujui, ila mwimbaji anajua tayari na ameshaanza kuomboleza. Ule wasiwasi ambao ungetubana mpaka boti ya mwisho ifike umekwisha kwenye kiitikio cha kwanza.

Njia ya pili. Onyesho ni lile lile, ila pembeni yuko kijana anayeuza chai na maandazi, na redio yake ndogo inapiga rumba ya Kongo, ile ya magitaa yanayocheka. Haizimi, maana hana sababu ya kuizima. Wateja wanakunywa chai, mmoja anatikisa bega. Mwanamke amesimama hatua chache kutoka hapo. Rumba haijatungwa kwa ajili yake wala haina habari naye, na hicho ndicho kinachouma. Mfaransa Michel Chion, aliyeandika sana juu ya sauti katika filamu, ameueleza muziki wa namna hii kuwa ni muziki usiojali: furaha yake haipunguzi huzuni ya mtu, inaizidisha. Quentin Tarantino aliutumia kwa ukatili mwaka 1992 katika Reservoir Dogs. Askari amefungwa kwenye kiti, mtesaji anafungua redio, wimbo mchangamfu unaanza na yeye anacheza huku ameshika wembe. Kuna wakati anatoka nje kwenda kwenye gari lake. Wimbo unafifia, tunasikia mtaa tu. Akirudi ndani, wimbo unarudi naye. Kwa hiyo tunaelewa kwamba ndani ya jengo lile redio bado inaimba, na aliyebaki nayo ni yule aliyefungwa.

Njia ya tatu mimi ndiyo ninayoipenda, na ndiyo isiyo na gharama. Mwanamke mwenyewe anaimba, kwa chini, wimbo wa kumbembelezea mtoto aliye mgongoni. Injini inasikika kwa mbali, ananyamaza. Kipe kinatokeza, si chake, anaendelea pale pale alipoachia. Injini nyingine, ananyamaza tena. Baada ya mara mbili tatu mtazamaji ameshaelewa kanuni bila kuelezwa na mtu: akiimba bado anatumaini, akinyamaza anasikiliza. Sasa ngoja itokee ya tano, anyamaze, boti ipite, na asiendelee. Hapo mwongozaji hahitaji maneno yoyote wala machozi. Wimbo ule mdogo umekuwa ndio mazungumzo yake yote.

Ya nne ni kuacha kabisa: maji, injini, wanawake na bei zao. Waoga hawaipendi njia hii, lakini filamu kubwa zimeifuata. Dog Day Afternoon ya Sidney Lumet, ya mwaka 1975, inafungua kwa wimbo wa Elton John juu ya picha za jiji, halafu kwa saa mbili zinazobaki ndani ya benki iliyovamiwa hakuna muziki uliowekwa kutuongoza tuhisi nini. Joto, simu, ving'ora na kelele za umati zinatosha.

Wapo wanaosema nyimbo katika hadithi nzito ni uchafu tulioletewa na Wahindi. Hao wamesahau walivyolelewa. Ngano za bibi zetu zina nyimbo ndani, na nyimbo hizo hazikuwekwa kupumzisha masikio. Mama anamfungia mtoto ndani, anamwambia asifungue mpaka asikie wimbo fulani. Zimwi limejificha kichakani, linausikia, linakuja kuimba kwa sauti nzito, mtoto anakataa. Linakwenda kulainisha sauti, linarudi, linaimba tena. Ondoa wimbo huo uone kama kuna hadithi inayobaki. Au ile ya mtu aliyeuawa porini, na ndege anakuja kukaa juu ya paa anaimba jina la muuaji, wote wamo uani wakila. Humo wimbo ni ufunguo wa mlango, humo ni shahidi mahakamani. Na sisi watoto tuliitikia kiitikio, kwa hiyo tulipofika mahali zimwi linaimba, tulikuwa tunaliimbia zimwi wenyewe. Nasema wazi kwamba waandishi wetu wa skripti wangesikiliza bibi mmoja wa Kasulu jioni moja wangejifunza zaidi kuliko kutazama tamthilia za Kifilipino mwezi mzima.

Filamu zilizosifiwa duniani kwa nyimbo zake, ukizichungulia vizuri, nyingi zinafanya kazi ya ngano ile ile. Fritz Lang alitengeneza M mwaka 1931, Ujerumani, sauti ikiwa bado ngeni kwenye filamu. Muuaji wa watoto ana tabia ya kupiga mluzi, kipande kimoja tu cha Edvard Grieg. Hakuna muziki mwingine wa kutunong'oneza hatari. Anayemtambua muuaji ni muuza mapulizo kipofu, ambaye alikwisha kuusikia mluzi huo siku mtoto mmoja aliponunuliwa pulizo. Polisi wana mafaili na alama za vidole. Kipofu ana sikio. Ni yule ndege wa juu ya paa, amebadilishiwa nchi.

Casablanca ya mwaka 1942 inajulikana kwa wimbo wa mapenzi ambao Rick, mwenye mgahawa, amempiga marufuku mpiga piano wake kuupiga. Ilsa, mpenzi wake wa zamani, anaingia, anamwomba mpiga piano aupige, Rick anatoka ndani kwa hasira kuja kumkemea, ndipo anapomwona aliyeketi mezani. Wimbo umewakutanisha kabla mtu hajatamka jina. Inafurahisha kujua kwamba Max Steiner, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, hakuupenda wimbo huo na alitaka kuweka wake. Maonyesho yangebidi yapigwe upya, lakini Ingrid Bergman alikuwa ameshakata nywele kwa ajili ya filamu nyingine. Nywele ndizo zilizouokoa.

Ila mimi huwa narudia onyesho jingine katika filamu hiyo hiyo. Maofisa wa Kijerumani wamekaa kwenye mgahawa wa Rick wanaimba wimbo wao wa kizalendo kwa majigambo. Laszlo, mkimbizi anayesakwa, anaiendea bendi na kuiamuru ipige wimbo wa taifa wa Ufaransa. Bendi inamtazama Rick. Rick, ambaye mpaka hapo amekuwa akisema hana upande, anaitikia kwa kichwa. Ukumbi mzima unasimama, sauti za Wajerumani zinamezwa. Na papo hapo amri inatoka: mgahawa ufungwe. Hesabu vilivyomo: uamuzi wa Laszlo, uamuzi wa Rick bila neno hata moja, ushindi, na adhabu. Yote ndani ya wimbo mmoja. Ungeliandika onyesho hilo kwa mazungumzo ungehitaji kurasa, na bado Rick angeonekana anahutubia.

Kutoka India kuna Pyaasa ya Guru Dutt, ya mwaka 1957, kuhusu mshairi ambaye hakuna anayetaka kuchapisha mashairi yake. Watu wanadhani amekufa, mashairi yanatolewa, anakuwa maarufu. Wanafanya hafla ya kumkumbuka marehemu, ukumbi umejaa, na waliomdharau ndio wameketi mbele. Yeye anatokea mlangoni, kivuli tu, anaanza kuimba shairi lake la kuikataa dunia hiyo. Maneno ni ya Sahir Ludhianvi, sauti ni ya Mohammed Rafi, na dakika hiyo wimbo ndio cheti cha kwamba yu hai. Wale wa mbele bandani wanaodai "sogeza" wakisogeza hapo, hawataelewa kwa nini ukumbi umefanya fujo.

Na karibu na siku zetu, Abderrahmane Sissako wa Mauritania alitoa Timbuktu mwaka 2014. Wanamgambo wameuteka mji na kupiga marufuku muziki. Usiku wanawasikia watu wanaimba ndani ya nyumba, wanawazunguka, na mmoja wao anapiga simu kwa wakubwa zake kuuliza: wanamsifu Mungu, nao niwakamate? Baadaye mwimbaji wa kike, anayeigizwa na Fatoumata Diawara, anachapwa viboko hadharani. Katikati ya viboko, analia, halafu kilio kinageuka wimbo. Sijaona mahali pengine ambapo wimbo ni kosa, ni adhabu na ni jibu kwa mara moja. Jaribu kuwaza mhariri angeweka juu yake wimbo mwingine wa nje, wa vinanda na kilio cha studio. Lingekuwa tusi.

Tabia nyingine ya wimbo, hii sisi Waswahili tunaijua kuliko Wazungu wote, ni kusema lisilosemeka. Ujiji ni mji wenye adabu za pwani ingawa pwani iko mbali, na mle ndani huwezi kumwambia mke mwenzio mbele ya mashemeji kwamba ni mwizi wa mume. Lakini siku ya harusi, bendi ya taarabu inapofika kwenye ubeti fulani, mwanamke anainuka taratibu, anapepesa noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji, na anaporudi anapita njia ndefu, ile inayopita mbele ya meza ya mwenzake. Hakutukana mtu. Ametunza tu. Ukumbi mzima umeelewa. Kama mimi ningeandika filamu ya ndoa ya mitala Ujiji, onyesho la ugomvi lingekuwa hilo, na nisingempa mtu yeyote neno la kusema. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, imewekwa katika Zanzibar ya miaka ya 1950 na inamtumia Mwajuma, mwimbaji, kwa maana hiyo: nyimbo zina mwenyewe, zina ukumbi, na zina watu wanaozielewa kila mmoja kwa kidonda chake.

Sasa India yenyewe, maana lawama zote zinaishia huko. Filamu yao ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, ilitoka Machi 1931 na ilikuwa na nyimbo saba. Mwaka uliofuata ikaja Indrasabha yenye nyimbo zipatazo 70. Haikuwa wazimu. Walikuwa wanatoka kwenye maigizo ya jukwaani ambayo toka mwanzo yalikuwa na nyimbo, kwa hiyo filamu ilirithi watazamaji waliozoea hadithi inayosimama, inaimba, inaendelea. Baadaye biashara ikatia mkono: nyimbo zikitangulia redioni na madukani, filamu inafika tayari inajulikana, hata kwa mtu asiyejua lugha yake. Humo wimbo ukawa pia mahali pa mhusika kusema ya moyoni, kazi ambayo kwenye tamthilia za jukwaani hufanywa na mtu kusimama peke yake na kusema na hadhira.

Lakini Wahindi hao hao walijua mipaka. B. R. Chopra alitoa Kanoon mwaka 1960, kesi ya mauaji mahakamani, bila wimbo hata mmoja. Ndugu yake Yash Chopra akafanya hivyo mwaka 1969 katika Ittefaq, ya mtuhumiwa anayetoroka na kuvamia nyumba ya mwanamke usiku. Sababu yake inaeleweka ukifikiria muda. Wimbo husimamisha saa ya hadithi. Wapenzi wanapoimba mlimani hakuna anayejali ni saa ngapi, na ndiyo raha yake. Ila kama mtu yuko mafichoni na polisi wanagonga milango mtaa mzima, saa ndiyo filamu. Ukiisimamisha dakika nne, polisi nao wamesimama, na ukiwarudisha mtazamaji anajua sasa kwamba hawana haraka. Kwa makadirio ya kawaida ukurasa mmoja wa skripti hutoa kama dakika moja kwenye skrini. Wimbo wa dakika nne umekula kurasa nne. Nyimbo tano katika filamu ya dakika 90 ni dakika 20. Mwandishi ajiulize kurasa hizo 20 zimesema nini.

Kuna mtu atauliza: mbona sisi tulilia na filamu za Kihindi bila kujua neno hata moja la wimbo? Kweli tulilia. Na nadhani kutojua kulitusaidia. Maneno usiyoyaelewa hayagombani na uso wa mwigizaji. Yanakuwa sauti tu, yanakuachia nafasi ya kujazia mwenyewe. Ndiyo maana wimbo wa Kiswahili chini ya mazungumzo ya Kiswahili ni hatari kuliko wa Kihindi. Sikio haliwezi kufuata watu wawili wanaosema lugha moja kwa wakati mmoja. Mama anamuaga mwanawe hospitalini, mwimbaji naye anamuaga mpenzi wake, na wewe uliyekaa bandani, jenereta ikinguruma nje, umepoteza wote wawili.

Hapo tufike kwetu, kwenye filamu zetu, ambako tatizo mara nyingi si la sanaa hata kidogo. Kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, anayeshuti filamu kwa kamera ile ile anayoshutia harusi, aliniambia bila kuficha: "Kaka, upepo wa ziwa unaua saundi. Nikiweka wimbo, hamsikii upepo." Nilimwelewa. Maiki iliyo kwenye kamera, mita kadhaa kutoka kwa mwigizaji, pembeni ya ziwa, inanasa kila kitu isipokuwa maneno. Wimbo unakuwa kandambili ya kukanyagia tope. Nyimbo nyingi tunazozilaani kwa jina la sanaa zimewekwa kwa sababu hiyo tu, na nyingine kwa sababu kipande kimoja kilishutiwa asubuhi na kingine jioni, sauti za nyuma hazifanani, kwa hiyo muziki unaziba mshono. Dawa yake si hotuba juu ya ladha. Ni maiki ndogo karibu na mdomo, kitambaa cha kuzuia upepo, na kurekodi dakika moja ya mahali penyewe, watu wote wamenyamaza, ili mhariri awe na kitu cha kuunganishia. Enzi za kanda na sidi kulikuwa na sababu nyingine pia: filamu ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila sehemu iuzwe peke yake, na hadithi ya saa moja na nusu ikibidi ijaze saa tatu lazima mtu aendeshe gari polepole huku wimbo unaimba.

Wimbo maarufu una shida yake. Mkoa huu una damu ya muziki, kila mtaa una binamu wa msanii, na mwongozaji kijana anaona fahari kuweka wimbo unaotamba. Ila wimbo unaotamba huja na mizigo yake. Mtazamaji anakumbuka aliusikia wapi, alikuwa na nani, na mwimbaji kagombana na nani wiki iliyopita. Kwa dakika nzima hayupo tena na mwanamke wa Kibirizi. Kama mhusika mwenyewe ni mwanamuziki, mambo ni mengine. Ndiyo maana Girlfriend ya mwaka 2003, ambamo mwanamuziki TID aliigiza, ilibeba nyimbo bila kuyumba. Watu wale kuimba ndiyo kazi yao.

Nisionekane naukataa wimbo wa nje moja kwa moja. High Noon, ya mwaka 1952, inafungua na wimbo ambao hakuna mhusika anayeusikia. Gary Cooper ni mkuu wa polisi aliyeoa asubuhi hiyo hiyo. Adui yake anakuja na treni ya saa sita mchana. Mke anataka waondoke. Sisi watu wa mwisho wa reli tunajua kungoja treni kunavyorefusha saa. Wimbo unaimbwa kana kwamba ni yeye anayemsihi mkewe asimwache, na hayo ni maneno ambayo yule bwana, kwa kiburi chake, hawezi kuyatoa mdomoni filamu nzima. Kisha unarudi vipande vipande, wakati mwingine tuni tu, yeye akizunguka mji kuomba msaada na kila mlango unafungwa. Wimbo wa nje wa namna hii una jambo lake la kusema, jambo ambalo picha hailisemi. Unafanya kazi ya manju, si ya mkalimani.

Namna ya kupima ni rahisi. Zima wimbo, tazama onyesho kimya. Kama bado linaeleweka na linauma vile vile, wimbo ulikuwa wa ziada. Kisha fanya kinyume: funga macho, sikiliza wimbo peke yake. Kama umekwambia hadithi yote, picha ndiyo ya ziada, na hapo una video ya muziki, uza kama video ya muziki. Ukibaki na kitu kinachokosekana pande zote mbili, acha. Na ukiuacha, kama si wako, kapate ruhusa kwa maandishi, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, kwa maana ni haki mbili na mara nyingi ni watu wawili. Sheria ya hakimiliki ipo toka 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, na mtandaoni filamu inaweza kuzimwa sauti na mashine kabla hata mwanasheria hajaamka. Mwanamke wa Kibirizi na wimbo wake wa kubembeleza hana shida hizo.

Imebaki sehemu moja ambapo wimbo wa nje hauna wa kumwingilia, nayo ni mwishoni, majina yanapopanda. James Cameron hakutaka wimbo wowote kwenye Titanic ya mwaka 1997. Mtunzi James Horner alimwendea Celine Dion kimyakimya, wakarekodi wimbo wa majaribio, akangoja mpaka siku bosi yuko katika hali nzuri ndipo akamsikilizisha. Wimbo ukawekwa baada ya hadithi kwisha, ukachukua Oscar, na hakuna onyesho lililodhurika. Kwa hiyo mwongozaji mwenye rafiki mwanamuziki asiyetaka kumuudhi, hapo ndipo pa kumweka. Tatizo ni bandani kwetu, ambako jina la kwanza likianza tu kupanda mwenye banda ameshachomoa flashi, mpira umeanza.